Daftari la Msikiti Likipotea Kompyutani



Misikiti yetu kadhaa imekwisha kuhamishia kumbukumbu zake kwenye kompyuta: michango ya mfuko wa maziko, majina ya mayatima, mikopo na mali za wakfu. Ni jambo jema. Lakini kanzidata ikianguka na nakala yake haipo, wengi hudhani kila kitu kimekwisha. Mara nyingi sivyo.

Tuchukue MySQL, programu itumikayo sana kwa kazi hii. Kwa kawaida kila jedwali huwa na faili lake liishialo na .ibd, na humo ndimo yamo majina na hesabu zenyewe. Katika matoleo ya kabla ya 8.0 huwapo pia faili la .frm, lielezalo jedwali lina safu zipi. Programu ikikataa kuwaka na mafaili hayo yangalipo, matumaini yapo.

La kwanza ni kujizuia. Kusiwe na kufuta, wala kusakinisha programu upya juu ya ile ya zamani. Izimwe, folda nzima ya data inakiliwe kwenye diski nyingine, na kazi ifanyiwe nakala hiyo. Kisha fundi huchukua kompyuta nyingine yenye toleo lile lile la programu, huunda jedwali tupu lenye safu zile zile, huliondolea faili lake, huweka la zamani mahali pake, na kuiamuru programu ilipokee. Ipo pia njia ya kuilazimisha programu iwake, yenye ngazi 1 hadi 6. Aanze na ya 1, kwani kuanzia ya 4 data yenyewe yaweza kuharibika.

Hata hivyo, hesabu iliyookolewa bado haijawa haki. Ilinganishwe na stakabadhi, daftari la mweka hazina na jumbe za malipo ya simu. Mjane ambaye michango ya marehemu mumewe haionekani asijibiwe kwamba kompyuta imekataa. Aketi na kamati, asikilizwe, na vielelezo vyake vipokelewe. Wala pengo lisijazwe kwa kukisia, kwani kukisia mali ya yatima ni kuichezea.

Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuamuru kuandika deni, na pamoja na maandishi inataka mashahidi. Hatusemi kwamba nakala ni shahidi wa kisheria. Tunasema hekima yake yatufundisha kutoegemea nguzo moja. Basi kila Ijumaa kamati itoe nakala mbili zenye nywila, zihifadhiwe nyumba mbili tofauti, na kila mwezi moja ijaribiwe kufunguliwa. Nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nzima.

Amana hulindwa kabla ya kupotea. Wabillahi tawfiq.