Picha Nazo Zina Mwenye Duka

Nimewasikia wenzangu wengi wakisema kwamba kitabu chaweza kudanganya, lakini picha haidanganyi. Mimi siungi mkono, na shahidi wangu ni Bwana Felice Beato, mzaliwa wa Venice, mwaka 1832.

Bwana huyu alifuata vita kama mchuuzi afuatavyo mnada. Alikuwa Crimea mwaka 1855, Bara Hindi 1858, na China 1860 pamoja na majeshi ya Waingereza na Wafaransa. Mwaka 1861 alimwuzia Henry Hering wa London picha zipatazo 400 za Bara Hindi na China, zitolewe nakala na kuuzwa.

Sasa itazameni ile ya Sikandar Bagh, mjini Lucknow. Mifupa ya watu imetapakaa uani mbele ya jumba lililobomoka. Mapigano ya mahali pale yalikuwa Novemba 1857, naye Beato alifika mwaka uliofuata! Ndiyo maana wataalamu wengi huamini kwamba mifupa ile ilifukuliwa au ilipangwa kwa ajili ya picha. Tena huko China, katika ngome ya Taku, daktari mmoja wa jeshi la Kiingereza aliandika jinsi Beato alivyofurahia kundi la maiti wa Kichina, akaomba wasiguswe mpaka amalize kazi yake. Waingereza nao walikufa pale, ila maiti wao hawamo katika picha hizo.

Mtu atanijibu kwamba kamera za siku zile hazikuweza kumpiga mtu akikimbia. Ni kweli, na kosa hilo simhesabii. Lakini maiti wote hutulia sawasawa, Mchina na Mwingereza. Aliyechagua ni mwenye duka, maana wanunuzi wake walikuwa maafisa na raia wa Kiingereza.

Hata hivyo siwezi kumwita mvivu. Huko Yokohama, alikokaa tangu 1863, moto uliteketeza studio yake mwaka 1866, akaanza upya, akawatumia Wajapani hodari kupaka picha rangi kwa mkono. (Picha hizo nazipenda mno.) Mwaka 1877 aliuza studio, akajitia katika biashara za kubahatisha, hata akapoteza mali yake katika soko la fedha. Baadaye alifungua duka Mandalay, Burma, la vinyago na vitu vya kale, akiwapelekea wateja wa mbali picha za bidhaa ili waagize kwa posta. Alifariki Florence mwaka 1909.

Picha ya Lucknow ingali ikichapwa katika vitabu vya historia. Nawaomba walimu wetu waitundikapo darasani waandike chini yake mwaka wa vita, mwaka wa picha, na jina la aliyeinunua.