Tarakilishi Itachora kwa Lugha ya Nani?

Mnamo mwaka wa 1900, meli iliyoitwa William Mackinnon iliteremshwa majini Kisumu. Ilikuwa imetengenezwa Uskoti, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa ziwani. Zaidi ya karne moja baadaye, kiwanda cha meli cha Kisumu kiliunda MV Uhuru II, yenye urefu wa mita 100, kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Safari hii Wakenya walichomelea vyuma papa hapa. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, swali la zamani lingalipo: nani huchora?

Mwaka wa 1963, Ivan Sutherland wa Marekani alidhihirisha kwa programu ya Sketchpad kwamba mtu aweza kuchora kwenye kioo cha tarakilishi. Mwaka wa 1982 AutoCAD ikaileta kazi hiyo kwenye tarakilishi ndogo za mezani. Tangu hapo, kwa kawaida mtumiaji amehitajika kuchora mistari na kuweka vipimo mwenyewe. Yamkini msanifu wa kesho hatachora bali atasema. Ataieleza mashine kuwa anataka mashua ya kubeba watu kumi, nayo itakokotoa vipimo na kumpa michoro achague. Tayari zipo programu zinazogeuza maneno kuwa maumbo.

Hapo ndipo suala hili linapotuhusu sisi wanaisimu. Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi; neno lisiloandikwa, kwao halipo. Fundi wa mashua katika ufuo wa Dunga hutaja sehemu za chombo chake kwa Kijaluo. Mwenzake wa Lamu husema mkuku na mataruma. Wanafunzi wetu wengi huyajua maneno tezi na omo kutokana na methali tu.

Wapo watakaodai kwamba Kiingereza chatosha. Chamtosha mhandisi. Fundi aliyerithi ujuzi kwa baba yake atabaki nje ya mlango, na ujuzi wake pamoja naye.

Basi mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa masomo ya ufundi na washirikiane. Wawapeleke wanafunzi ufuoni, wamwulize fundi jina na kazi ya kila ubao, kisha wapime, wachore na kuandika kwa Kijaluo na Kiswahili. Kazi hiyo yahitaji daftari, kalamu na utepe wa kupimia. Tusipoifanya, michoro ya kesho nayo itatufikia kama meli ile ya 1900: imekwisha kuamuliwa kwingine, nasi twaunganisha tu.