Msemaji Asiyekosolewa

Ustadi wa kuzungumza mbele ya hadhira hudumaa pale msemaji anapopata cheo, kwa kuwa tangu hapo hakosi wa kumpigia makofi ila hukosa wa kumwambia alipokosea. Mahafali ya kidato cha nne yaliyofanyika wiki hii katika shule moja ya sekondari yalilidhihirisha jambo hilo kwa namna ya kuudhi. Mgeni rasmi, baada ya kutamka kwamba itifaki imezingatiwa, aliwataja viongozi wote mmoja mmoja, kisha akainamia karatasi aliyoandikiwa na kuisoma neno kwa neno bila kuinua macho, hata wahitimu waliokaa juani wakajifunika ratiba vichwani. Alipomaliza alishangiliwa kwa vifijo, na mshereheshaji akaiita hotuba hiyo ya kihistoria. Vifijo hivyo vinastahili lawama kuliko karatasi yenyewe, kwa sababu aliyesifiwa hivyo ataisoma hotuba ileile mwakani.

Karatasi si kosa. Winston Churchill, aliyezoea kukariri hotuba zake, alipotewa na maneno katika Bunge la Uingereza mwaka 1904 akalazimika kuketi, na baada ya aibu hiyo akawa anakwenda na maandishi. Lakini aliyatunga mwenyewe na kuyafanyia mazoezi.

Dawa ni kukosolewa kwa utaratibu. Katika Toastmasters, mtandao wa klabu za wasemaji ulioasisiwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, hotuba ya kawaida huchukua dakika 5 hadi 7 na hupewa mtathmini, yaani mwanachama anayeeleza mbele ya wote kilichofaa na cha kurekebishwa. Mwingine hushika saa, na mwingine huhesabu vijazio, yaani maneno yanayotamkwa kuziba ukimya tu, kama vile “kimsingi” na “yaani” za kila sentensi. Mkongwe naye hutathminiwa. Asiye na klabu anaweza kujirekodi kwa simu, ajisikilize hadi mwisho, kisha amwombe mtu asiyemwogopa amweleze ukweli.

Wakuu wa shule nao waandike dakika 10 katika barua ya kumwalika mgeni rasmi, na mshika saa aketi mstari wa mbele.