Kabla Hujamwita Msahaulifu



Kuna neno limezoeleka majumbani: "Huyu kichwa chake kimekwisha." Huambiwa mama aliyeweka funguo asijue wapi, au aliyetia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Sisi tunaona neno hilo si la haki.

Kila binadamu ana kumbukumbu inayoshika alichokiona kwa sekunde chache tu, wakati anakifanyia kazi. Ni sinia dogo mno. Mwaka 1997, Steven Luck na Edward Vogel wa Marekani waliwaonyesha watu miraba ya rangi kwa kitambo kifupi sana, wakaiondoa, kisha wakairudisha na kuwauliza kama kuna rangi iliyobadilika. Miraba ilipokuwa mitatu, karibu wote walipatia. Kuanzia minne, makosa yakaanza kuongezeka. Huo si ugonjwa, ndivyo tulivyoumbwa.

Sasa, nani anaamua kipi kiingie kwenye sinia hilo? Ni umakini, si macho. Mwaka 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris waliwapa watu kazi ya kutazama video na kuhesabu pasi za mpira. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la gorila, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa, na macho yao yalikuwa wazi.

Mtazameni basi mama wa kwetu saa ya magharibi: chungu kiko motoni, mtoto analia, simu inaita, na mgeni anapiga hodi. Mkono umeweka funguo juu ya kabati, lakini umakini ulikuwa mlangoni. Hakusahau, hakuwahi kuzishika akilini. Hata dini yetu haikumdharau aliyeghafilika: anayesahau katika sala amewekewa sijida ya kusahau.

Lakini jambo hili lina upande wa pili, nao ni mzito. Funguo zitatafutwa, zitaonekana. Mtoto anayecheza ufukweni, au anayetambaa karibu na jiko la mkaa, hana nafasi ya pili. Tunaposema "nipo, namwangalia" huku kidole kinapandisha picha kwenye simu, tunajidanganya. Macho yakiinuka mara mojamoja si ulinzi. Gorila alipita mbele ya watu waliokuwa wakitazama kwa bidii zote!

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kazi ya kumwangalia mtoto penye maji au moto ihesabiwe kuwa kazi kamili, apewe mtu mmoja kwa zamu, na simu ikae pembeni. Anayemwachia mwenzake aseme wazi: "Sasa ni wewe," na ajibiwe. Baba, shangazi na kaka wakubwa nao washike zamu, maana umakini wa mama haugawanyiki bila kupungua.

Na kwa mambo madogo, tujipe tabia ya kutulia. Unapoweka kitu, kiangalie, useme moyoni, "Nimekiweka hapa," ndipo uende mlangoni. Mgeni atasubiri.

Tusiulizane tena, "Una kichwa gani wewe?" Tuulizane, "Nikupokee lipi?"

Allah atuhifadhie watoto wetu na atupe utulivu. Amin.