Kujitolea si kinga ya kuulizwa

Jamani, kuna jibu limenichosha: "Mimi najitolea tu." Muulize mkaguzi wa mradi wa programu huria mbona kiraka cha kijana fulani kimelala miezi minane, atakupa hilo. Muulize mbona alipitisha msimbo asiousoma, atakupa hilo hilo. Kebo ya TEAMS ilipotua hapa Mombasa mwaka 2009 tulifurahi, tukadhani kungoja kumekwisha. Leo kiraka kinafika Ulaya kwa sekunde, kisha kinamsubiri mtu mmoja hadi aliyekiandika akate tamaa aende zake.

Hapa Mji wa Kale kazi za bure ni nyingi. Akifa mtu Kibokoni, yuko wa kuosha maiti, yuko wa kukata sanda, wako wa kuchimba kaburi, na hakuna mwenye mshahara. Sasa jaribu kusema "sanda nitaleta mimi" kisha usionekane, halafu ungoje kushukuriwa kwa kujitolea kwako. Utaambiwa mengine! Hukulazimishwa kusema, lakini ulisema, na watu wakaacha kutafuta sanda kwingine.

Na msiniambie huu ni mchezo wa watu wa kompyuta. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kwa mahitaji ya kliniki za UKIMWI za Eldoret, na wamo watu wa kujitolea wanaouandika. Daktari aliye mbele ya skrini hajui nani alilipwa na nani hakulipwa. Anataka rekodi ya mgonjwa wake iwe sahihi.

Najua mtakavyonijibu: kumbana asiyelipwa ni ukatili, yabaneni makampuni yanayochuma bure. Makampuni na yalipe, hilo silibishii. Tena kisa cha xz kimetuonyesha ubaya wa kubana. Msimamizi wake, mmoja na amechoka, alisukumwa mwaka 2022 na watu wasiojulikana hadi akampa nafasi "Jia Tan", ambaye baadaye alitia mlango wa siri ndani ya programu. Andres Freund aliugundua Machi 2024. Lakini tazameni walichokuwa wakidai wale wapiga kelele: haraka. Ukaguzi hawakuutaka kabisa.

Ninachodai mimi ni kidogo. Miongozo ya kernel ya Linux inasema anayetia jina kama mkaguzi anatangaza kuwa ameupitia msimbo kitaalamu; hatoi hakikisho kwamba utafanya kazi. Basi! Ukisoma ukapitwa na hitilafu, hakuna wa kukulaumu, macho ni macho. Ukitia jina bila kusoma, umesema uongo. Kama huna nafasi, sema "sina nafasi" ndani ya wiki mbili, kiraka kiende kwa mwingine. Ukinyamaza mara tatu, jina litoke kwenye orodha ya wakaguzi, bila matusi, na siku ukipata nafasi urudi. Wenye miradi, liandikeni hilo ukurasa wa kwanza kabla ya kuomba wakaguzi wapya.