Ngumi za Maiti Iliyoungua Hazishuhudii Kitu

Kijiji kinapochomwa katika Masisi au Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maiti husomwa kwa macho tu: aliyekunja ngumi husemwa alipambana na wauaji wake, na aliyepasuka fuvu au ngozi husemwa alikatwa panga kabla ya nyumba kutiwa moto. Imani hiyo, japo imezaliwa na uchungu wa haki, haina msingi, kwa kuwa joto kali hufupisha misuli, na ile inayokunja viungo, yenye nguvu kuliko inayovinyoosha, huivuta mikono ikae kama ya mpiganaji hata kwa mtu aliyekwisha kufa. Ngozi nayo hupasuka, fuvu huvunjika, na damu huweza kujikusanya kati ya mfupa na utando wa ubongo, ikamhadaa asiyejua akadhani ni pigo la rungu.

Huu si ubishi wa maabara. Novemba 2012 Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba raia wasiopungua 264, wakiwemo watoto 83, waliuawa na makundi yenye silaha Masisi kati ya Aprili na Septemba mwaka huo, wengi kwa mapanga na wengine kwa kuchomwa hai ndani ya nyumba zao. Kumchoma mtu akiwa hai, na kumkata kisha kuuchoma mwili wake, ni madai yanayohitaji ushahidi tofauti; mashtaka yaliyoegemea ngumi zilizokunjwa, wakili yeyote makini atayabomoa kwa swali moja, na mnufaika atakuwa muuaji.

Ushahidi wenyewe umo ndani ya mwili. Masizi yaliyoteremka chini ya nyuzi za sauti, pamoja na kaboni monoksidi, yaani gesi ya moshi inayoshikamana na damu, huonyesha kwamba marehemu alikuwa akipumua moto ulipowaka, ingawa kukosekana kwa dalili hizo peke yake hakuthibitishi kinyume. Mpasuko wa joto kwa kawaida hauna damu iliyovilia kandokando yake, ilhali panga huacha kwenye mfupa mfereji wenye kuta laini, ambao mara nyingi husalia hata mfupa ukigeuka mweupe kwa moto, mradi mabaki hayajasombwa kwa koleo. Ripoti inayoandika “alikatwa kisha akachomwa” kwa kutazama ngozi peke yake haistahili kupokelewa mahakamani.