Alama Bila Neno Si Elimu

Uko ugonjwa katika vyuo vyetu vya elimu ya juu ambao umezoeleka hata ukadhaniwa kuwa ni afya. Mwanafunzi huihangaikia kazi yake wiki mbili, huikabidhi, kisha hungoja. Muhula ukikaribia kwisha hutolewa orodha ya namba za usajili, naye huona amepewa 11 juu ya 20. Karatasi yenyewe hairudi. Zile alama 9 zimepotelea wapi? Haambiwi. Akiuliza, huonekana mkaidi.

Je, hiyo ni elimu au ni mizani? Mizani humwambia mkulima uzito wa pamba yake. Haimwambii namna ya kuilima vizuri zaidi msimu ujao. Mwalimu hakuajiriwa awe mizani.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba mitihani tuliyorithi ilipima uwezo wa kukariri mambo na kuyaeleza siku ya mtihani. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka mtihani wa maandishi usiwe kipimo pekee. Tuliitikia, lakini kwa mkono mmoja. Tuliuchukua mtihani mkubwa, tukaukata vipande, tukaviita tathmini endelevu. Kilichoendelea ni kuhesabu, si kufundisha.

Matunda yake tunayaona. Wanafunzi hupokezana madesa na maswali ya miaka iliyopita, na sasa wako wanaoziachia programu za kompyuta ziwaandikie insha. Tunawalaumu kwa uvivu, na uvivu ni kosa. Lakini kama msomaji wa kazi hana la kusema juu yake, mwandishi aitolee jasho kwa ajili ya nani?

Watasema wakuu wa vyuo kwamba madarasa yamefurika. Ni kweli, na wahadhiri hawana budi kuongezwa. Hata hivyo wingi si kisingizio cha kunyamaza. Mhadhiri aliyesoma karatasi 300 ameyaona makosa yale yale yakijirudia; nini kinamzuia kuyaandika katika ukurasa mmoja na kulieleza darasa zima kwa nusu saa? Nini kinazuia kazi nne zisizorudi zifanywe mbili zinazorudi, ya kwanza mapema, ili ya pili ionyeshe kama mwanafunzi amejirekebisha? Nini kinazuia wanafunzi kukosoana kabla ya kukabidhi, kwa vigezo vilivyotangazwa, na baadhi yao kuitwa kuitetea kazi yao kwa mdomo?

Ndugu walimu na watumishi wa umma, jambo hili ni letu. Mwalimu ambaye hakupata kukosolewa kwa hoja, naye atachora mkasi mwekundu katika daftari la mtoto na kupita. Ofisa ambaye hakuzoea kupewa sababu chuoni, atamrudishia mwananchi maombi yake yakiwa na neno moja tu: "Yamekataliwa." Ukimya wa darasani ndio unaokua ukawa ukimya wa ofisini.

Basi vyuo viweke kanuni iliyo wazi: pasiwe na alama bila sababu, wala kazi ya pili kabla ya ile ya kwanza kurudi. Kusahihisha maana yake ni kukifanya kitu kiwe sahihi. Anayehesabu makosa na kuondoka bado hajasahihisha.